Hatakubali au Atakubali: Uchambuzi wa Kisa cha Onyesho Moja

Siku moja baada ya onyesho, niliwapa wanafunzi 41 wa kidato cha nne swali jepesi: mjumbe anaporudi katika tendo la pili, analeta jibu gani kutoka kwa mama aliyetakiwa kuuza shamba lake? Wanafunzi 23 waliandika kwamba mama huyo atakubali. Kitabuni mjumbe anasema "hatakubali", na tamthilia nzima imesimama juu ya neno hilo. Hawakuwa wanafunzi wazembe. Wengi wao walikuwa wamekwisha kukisoma kitabu mara moja, na baadhi walibishana nami darasani kwamba walilisikia jibu hilo kwa masikio yao wenyewe, tena walikuwa wameketi safu za katikati. Tamthilia sitaitaja, wala shule, wala kikundi, na nimebadilisha mambo machache yasiyogusa hoja ili wahusika wasitambulike. Ninachotaka kukichambua ni kazi ya mtu mmoja, yaani mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sanaa za maonyesho aliyeliongoza onyesho hilo, na sababu zilizomfanya msichana mwenye bidii na maarifa aifikishe kwa hadhira tamthilia iliyo kinyume cha ile iliyoandikwa.

Niseme mapema kwamba mimi si mtazamaji asiye na upande. Mwelekezi huyo, ambaye nitamwita Mwanagenzi kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, nilimfundisha Kiswahili kwa miaka minne katika shule hii hii iliyoko upande wa Kisauni, Mombasa, nikamlea katika chama cha drama, na ulipofika wakati wa kuchagua kozi ya chuo kikuu mimi ndimi niliyemwambia babake kwamba sanaa za maonyesho ni elimu kama elimu nyingine. Mabishano yaliyofuata nyumbani kwao siyaelezi, maana yanafanana na ya nyumba yoyote ya hapa ambayo binti ametangaza kwamba anakwenda kusomea kuigiza; yalichukua mwezi mzima na yakaisha kwa baba kunyamaza, na kimya cha mzee yule ndiyo ruhusa yake. Katika chuo kikuu kimoja cha bara alikuta kozi ya miaka minne yenye uigizaji, sauti na mwendo, uelekezi, usanifu wa jukwaa, taa, maleba, uandishi, historia ya tamthilia na nadharia zake, pamoja na misingi ya filamu. Wanaodhani kwamba huko watu hufundishwa kujifanya wengine tu hawajaiona ratiba yenyewe.

Katika mwaka wa tatu kila mwanafunzi wa kozi hiyo hutakiwa kwenda mafunzo ya nyanjani, ambayo wenyewe huyaita atachimenti. Wenzake wengi walitafuta nafasi Nairobi, katika vituo vya televisheni na kampuni za filamu. Mwanagenzi alirudi Mombasa akajiunga na kikundi cha watu tisa kinachozunguka shule za pwani kikiigiza vitabu teule, yaani vile vinavyotahiniwa. Msomaji aliyesoma Kenya anaifahamu kazi hii: katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ambayo ni ya fasihi, ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, tamthilia teule huwa na swali lake la alama 20 kati ya alama 80, na kwa sababu hiyo shule huwa radhi kuwachangisha wanafunzi ili waone kwa macho yale waliyoyasoma. Kwa vikundi vingi vya maigizo hapa Mombasa, ukiacha hoteli za ufukweni ambako wanasarakasi na wachezaji ngoma hupata riziki yao msimu wa wageni, shule ndizo zinazolipa. Wiki ya tatu ya mafunzo yake kiongozi wa kikundi alimkabidhi uelekezi wa tamthilia ya mwaka ule, na onyesho lake la kwanza likapangwa kuwa shuleni kwetu.

Ukumbi wetu ni mrefu, una kuta za mawe zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, na paa la mabati lisilo na dari. Upande mmoja kuna jukwaa la saruji lililoinuka kiasi cha mita moja. Kikundi kilitakiwa kufika saa mbili asubuhi, lakini waigizaji wawili walikuwa ng'ambo, wakakwama kwenye foleni ya feri ya Likoni, na onyesho lililopangwa kuanza saa tatu lilianza saa nne na dakika kumi. Dakika chache baadaye mvua ikashuka. Waigizaji walikuwa na mikrofoni mbili zilizosimamishwa kwenye vyuma, moja kila upande wa jukwaa, na wakagundua haraka kwamba asiyesimama mbele ya chuma hasikiki kabisa. Basi mchezo ambao katika mazoezi ulikuwa na mwendo mzuri ukageuka kuwa watu wanaopokezana kusimama mahali pawili. Mjumbe alipoingia mbio na jibu lake, kama alivyoelekezwa, alilisema akiwa bado hajafika kwenye mikrofoni.

Ripoti ya kwanza ya Mwanagenzi kuhusu siku hiyo ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Msimamizi wake wa nyanjani kwa mujibu wa fomu alikuwa kiongozi wa kikundi, lakini mzee huyo, ambaye ni mwigizaji hodari na mwandishi asiyependa kalamu, aliniomba mimi nizisome ripoti kabla yeye hajatia saini. Mhadhiri kutoka chuoni alikuwa amekwisha kufika wiki ya pili, akaliangalia daftari la kila siku, akalitia saini na kuondoka na treni ya alasiri. Katika ripoti hiyo Mwanagenzi aliandika kwamba onyesho liliathiriwa na "mvua kubwa isiyotarajiwa". Niliirudisha nikiwa nimeandika pembeni swali moja tu: ni mwezi gani huu? Mtu aliyezaliwa Mombasa hawezi kuiita mvua ya Mei isiyotarajiwa. Masika yetu huanza mwezi wa Aprili, na Mei ndio kilele chake, hata mtoto wa madrasa anajua kwamba mwezi huo hakianikwi kitu bila mtu wa kukilinda. Lililokuwa halikutarajiwa ni kwamba mwelekezi hakuwa amekwenda kuutazama ukumbi kabla ya siku yenyewe, ingawa alikuwa amesoma humo humo miaka minne, au pengine kwa sababu hiyo hiyo. Aliukumbuka kwa macho ya mwanafunzi aliyekaa kitako akisikiliza matangazo ya asubuhi, na matangazo ya asubuhi hayategemei herufi moja.

Kwa nini herufi moja? Hapa ndipo kisa kilipoacha kuwa cha mvua. Kiswahili kina namna kadhaa za kukanusha, na katika nyakati nyingi kitenzi kizima hubadilika kiasi kwamba msikilizaji akikosa sehemu moja ataipata nyingine: "alikubali" hugeuka "hakukubali", "amekubali" hugeuka "hajakubali", "nitakubali" hugeuka "sitakubali". Katika wakati ujao, nafsi ya tatu umoja, hakuna msaada huo. "Atakubali" na "hatakubali" zinatofautiana kwa sauti moja tu, nayo ni h, ambayo si chochote ila pumzi inayopita kooni. Zaidi ya hayo, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nguvu yote ya "hatakubali" iko kwenye "ba", mbali kabisa na mahali penye maana ya kukataa. Sasa weka juu ya hayo mvua inayopiga mabati yasiyo na dari. Mlio wa mvua ni mvumo mpana unaofanana sana na pumzi, na pumzi ndogo ndani ya pumzi kubwa haisikiki; irabu zilizobaki huvuka zikafika nyuma ya ukumbi, pamoja na mwangwi wa kuta za plasta unaoziburura irabu hizo juu ya silabi zinazofuata. Wanafunzi wangu 23 hawakukosea kusikia. Walisikia sawasawa kile kilichowafikia.

Nilipomweleza hoja hii alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo naliona ndilo kiini cha kisa chote. "Mwalimu," alisema, "mimi nimefundishwa kulinda mwisho wa neno." Katika somo la sauti, kwa mihula miwili, walikuwa wamefanya mazoezi kwa tamthilia za Kiingereza, na kila siku mhadhiri aliwakumbusha wasizimeze konsonanti za mwisho, kwa kuwa katika lugha hiyo maana nyingi hukaa huko: wingi, umilikishi, wakati uliopita wa vitenzi vingi. Lilikuwa fundisho sahihi, na Mwanagenzi alilishika vizuri mno. Alikuja Mombasa akalipitisha kwa waigizaji wetu neno kwa neno, akawafanyiza mazoezi ya kumalizia maneno kwa ukamilifu, na waigizaji wakamalizia irabu zao za mwisho kwa ukamilifu wa kupendeza ilhali mwanzo wa vitenzi ukiteleza kama kawaida ya mazungumzo. Kiswahili huuweka mzigo wake mbele. Nafsi iko mbele, kanusho liko mbele, wakati uko karibu na mbele. Mwisho wa neno mara nyingi ni irabu ambayo msikilizaji angeweza kuikisia mwenyewe. Mwigizaji wa Kiswahili anayelinda mwisho na kuuacha mwanzo ni kama bawabu aliyefunga mlango wa uani na kuuacha wa barazani wazi.

Sisemi kwamba chuo kilimfundisha vibaya. Nasema kwamba kilimfundisha kwa lugha moja kazi ambayo angeifanya kwa lugha nyingine, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba hatua ya katikati, ile ya kurudi kwenye kanuni na kuuliza ilitungwa kwa ajili ya sauti zipi, ni juu yake mwenyewe. Inawezekana wahadhiri walidhani jambo hilo linajieleza. Nimekuwa mwalimu kwa muda wa kutosha kujua kwamba hakuna kitu kinachojieleza.

Jambo la pili lilifanana na la kwanza, ingawa lilijitokeza kwa bahati. Alipokuwa akinionyesha maandishi yake ya mwaka wa kwanza, nikitafuta somo la sauti, nilikuta kurasa tatu safi kuhusu vikundi vya safari vya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki: kile cha Makerere kilichoanza mwaka 1965, kikazunguka kikiigiza vijijini na mijini kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwamo, na kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoanza mwaka 1974. Alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba swali hilo hutokea mtihanini. Nikamwuliza vikundi hivyo viliigizia wapi. Akajibu bila kufikiri: popote palipokuwa na watu, viwanjani, chini ya miti, kwenye kumbi za shule. Kisha akacheka, kwa maana alikuwa amejisikia. Miaka miwili alikuwa akibeba jibu la tatizo lake ndani ya mkoba, lakini lilikuwa limefungwa kwenye fungu la historia, na fungu hilo hufunguliwa wakati wa mtihani.

Mwalimu mkuu alitaka fedha zirudishwe, kiongozi wa kikundi akasema fedha zimekwisha kwenda kwenye mafuta ya gari na kodi, na mwisho ikakubaliwa kwamba onyesho lirudiwe bila malipo wiki ya tatu ya Juni. Mwanagenzi aliomba lisifanyike ukumbini. Aliomba ua ulioko kati ya safu mbili za madarasa, mahali ambapo kwa kawaida hutumika kwa gwaride la asubuhi, na kwa siku tatu mfululizo alikuja kuukagua kama mjenzi anayekagua kiwanja. Hapa nitakaa kidogo, maana sijapata kuona elimu ya chuo ikifanya kazi kwa uwazi kama nilivyoiona katika ua ule.

La kwanza aliloliamua ni upande wa jukwaa. Juni ni mwezi wa kusi, na upepo huo hutujia kutoka kusini na kusini-mashariki bila kupumzika. Sauti inayokwenda na upepo hufika mbali, na inayokwenda kinyume chake hupinda juu na kupotea, jambo ambalo kila mvuvi aliyewahi kumwita mwenziwe kutoka ufukweni analijua. Kwa hiyo aliwaweka waigizaji upande wa kusini, chini ya mwarubaini ulioko kwenye ua wa michongoma, na hadhira upande wa kaskazini, upepo uwabebee maneno. Kiongozi wa kikundi alikuwa ametaka kinyume chake ili gari lao lisimame karibu na lango. Walibishana kwa adabu, yeye akimwita "binti yangu" na Mwanagenzi akimwita "mzee wangu" kwa sauti iliyokuwa inapanda kila mara, mpaka mzee akakubali kutembea.

La pili ni mwanga. Mwaka 1932 Stanley McCandless, aliyekuwa mwalimu wa taa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alieleza utaratibu ambao wanafunzi wa taa huufundishwa hadi leo: mwigizaji amulikwe kutoka mbele kwa pande mbili, taa zikiwa juu kwa nyuzi 45 hivi na kando kwa nyuzi 45, upande mmoja uwe na mwanga wa joto na wa pili uwe wa baridi, ili uso uonekane na bado uwe na kivuli cha kuupa umbo. Mwanagenzi alikuwa ameufanyia mtihani utaratibu huu katika ukumbi wa chuo wenye taa nyingi na kompyuta ya kuziendesha. Uani kwetu hakukuwa na taa hata moja. Lakini mwezi wa Juni jua la Mombasa huwa limeegemea kaskazini, na alipopima kwa kijiti na kivuli aliona kwamba mnamo saa nne asubuhi kijiti na kivuli chake vina urefu sawa, yaani jua liko juu kwa nyuzi 45, nalo liko upande wa kaskazini-mashariki. Mwigizaji aliyesimama kusini akitazama kaskazini angelipata jua hilo mbele, upande wake wa kulia, mahali pale pale McCandless alipoitaka taa yake ya kwanza. Ukuta mweupe wa madarasa ya magharibi, ukipigwa na jua hilo hilo, ungerudisha mwanga hafifu upande wa pili. Aliandika saa ya kuanza kuwa saa nne kamili, na chini yake akapigia mstari maneno haya: wa Likoni wavuke feri saa kumi na mbili.

La tatu ni neno lenyewe. Hakuweza kuligusa, kwa kuwa tamthilia teule hunukuliwa mtihanini na mwanafunzi akiulizwa aliweke dondoo katika muktadha wake anatakiwa alijue kama lilivyo. Mwigizaji mmoja alipendekeza kwamba mhusika mwingine alirudie jibu kwa mshangao, "Hatakubali?", na kwa mtu wa jukwaani pendekezo hilo lilikuwa zuri, lakini Mwanagenzi alilikataa kwa kuwa halimo kitabuni. Badala yake aliubadilisha mwendo wa mjumbe. Mjumbe hakuingia tena mbio. Aliingia taratibu, akafika katikati, akavuta pumzi mpya, akatikisa kichwa kabla ya kusema, kisha akalianza neno juu ya pumzi ile kiasi kwamba ile h ilisikika kama mtu anayehema. Mwigizaji wa mama, aliyekuwa upande wa pili wa ua akiwa kimya, kwa wakati huo huo alijifunga leso yake kiunoni kwa mkupuo mmoja. Mtu asiyesikia angeona. Mazoezi ya sauti nayo aliyageuza: kila asubuhi waigizaji walisemeshana kutoka pembe mbili za ua jozi za maneno, "ataenda" na "hataenda", "atalipa" na "hatalipa", na aliye mbali alitakiwa kunyoosha mkono wa kulia au wa kushoto kulingana na alichosikia. Walikosea sana siku ya kwanza, na walicheka sana, na nadhani kicheko hicho kilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu ya sarufi.

Kulikuwa na suala jingine ambalo hatukukubaliana, na mpaka leo sina hakika nani kati yetu alikuwa na haki. Katika kikundi hicho kuna mchekeshaji anayeigiza mlinzi wa lango, na katika onyesho la kwanza aliongeza maneno yake mwenyewe, mengi yakiwa ya Sheng, yaliyowaangusha wanafunzi kwa kicheko. Katika zoezi lililofuata, wanafunzi saba waliyanukuu maneno hayo kama ya mwandishi. Huu ni ugonjwa wa miaka mingi wa maonyesho ya vitabu teule, na walimu wa Kiswahili tunaulalamikia kila mwaka. Mimi nilitaka mchekeshaji afungwe kinywa. Kiongozi wa kikundi alinijibu kwa upole: "Mwalimu, watoto wakicheka, mwakani nitaitwa tena. Wakinyamaza, mimi na hawa wanane tutakula nini?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Mwanagenzi alikwenda kwenye maandishi yake tena, safari hii kwenye fungu la nadharia, akarudi na Brecht, Mjerumani aliyetaka hadhira ikumbuke wakati wote kwamba inatazama mchezo, na ambaye waigizaji wake waliweza kutoka ndani ya kisa na kuzungumza na watu moja kwa moja. Alimruhusu mchekeshaji kusema atakalo, kwa sharti moja: akiwa amejitupia kikoi begani yuko nje ya kitabu, na kikoi kikiwa chini yuko ndani na haruhusiwi kuongeza hata "eti". Kabla ya kuanza mchekeshaji mwenyewe aliwatangazia wanafunzi sheria hiyo, akawafanyia majaribio mawili matatu, kikoi juu, kikoi chini. Niliona ni ujanja wa kupendeza, nikaona pia kwamba mtoto aliyechoka saa tano asubuhi hatakumbuka kikoi kilikuwa wapi. Wanne kati ya wale 41 walimnukuu tena. Mwanagenzi alihesabu kwamba wamepungua kutoka saba. Mimi nilihesabu kwamba ni wanne.

Onyesho lenyewe la pili halikuwa bila aibu. Pazia la turubai lililochorwa nyumba lilibebwa na kusi kabla ya tendo la kwanza kwisha, likawaangukia wapiga ngoma, na kwa muda uliobaki wasichana wawili walisimama wameshika leso iliyotandazwa, wakawa ndio mlango. Wakaifanya kazi hiyo kwa uzito kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi walidhani ndivyo ilivyopangwa. Kwa kutenganisha matendo Mwanagenzi alitumia pembe za vugo alizoazima kwa mama yake mdogo, ambaye huimba na wanawake wenzake kwenye harusi, na mlio wa pembe ile ikigongwa kwa kijiti ulikata makelele ya wanafunzi 380 kuliko kengele yetu. Mikrofoni haikuletwa. Safu mbili za nyuma kabisa upande wa mashariki, zilizokuwa kivulini, zilizungumza zaidi kuliko kutazama, nami nilikwenda kusimama huko.

Kuhusu matokeo inanipasa kuwa mwangalifu. Sikuweza kuuliza swali lile lile, kwa kuwa jibu nilikuwa nimekwisha kuwaambia, na wanafunzi walikuwa wakiona mchezo kwa mara ya pili. Nilichagua mahali pengine penye kitenzi cha namna hiyo hiyo, katika tendo la nne, ambapo katika onyesho la kwanza sikuwa nimeuliza chochote, na wanafunzi sita walikosea. Mtu akiniambia kwamba punguzo hilo limetokana na kurudia tu, sitambishia sana. Ila wanafunzi wawili, nilipowauliza walijuaje, hawakuniambia walisikia nini. Waliniambia walivyomwona mwigizaji akivuta pumzi.

Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa kumi na moja, ikiwa na mchoro wa ua, mshale wa kusi, na jedwali la vivuli vya kijiti. Neno "mvua" lilitokea mara moja. Kiongozi wa kikundi aliitia saini bila kuisoma, akasema mchoro unatosha. Mhadhiri aliirudisha mara moja akitaka sehemu ya sauti iungwe mkono na maandishi ya wataalamu, na Mwanagenzi, aliyekuwa na vitabu sita vya sauti za jukwaani vyote vikieleza namna ya kulinda konsonanti za mwisho za Kiingereza, alinipigia simu usiku kuniuliza kama ninajua chochote kilichoandikwa kwa ajili ya mwigizaji wa Kiswahili. Nilimtumia kitabu changu cha sarufi cha kidato cha kwanza, sura ya ukanushaji. Amesema mradi wake wa mwaka wa nne utakuwa kijitabu cha mazoezi, na ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa: ni zile jozi za uani, zikianza na "atakubali".